Simu inazima, ukiibonyeza inawaka? Tatizo huenda lilianzia kiwandani

Simu haijaanguka, haijaingia maji na chaji ipo. Lakini inazima yenyewe, na ukiibonyeza kidogo mgongoni inawaka tena. Wengi tunakimbilia kulaumu betri. Kumbe kuna mtuhumiwa mwingine: lehemu iliyoachia.

Lehemu ni ile metali inayoshikilia chipu kwenye bodi na kupitisha umeme. Mafundi wengi mtaani wanaiita risasi, na jina hilo lina sababu. Lehemu maarufu ya zamani ilikuwa na bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, na iliyeyuka kwenye nyuzi joto 183.

Risasi ni sumu. Tangu Julai 1, 2006, Umoja wa Ulaya umeizuia kwenye vifaa vingi vya elektroniki. Viwanda vingi vikahamia lehemu ya bati, fedha na shaba, ambayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217. Joto likapanda, nafasi ya kukosea ikapungua.

Bodi inavyotengenezwa

Kiwandani kazi kubwa inafanywa na mashine, kwa hatua tatu:

1. Lehemu laini kama dawa ya meno inapakwa kwenye bodi kupitia bati jembamba lenye matundu.
2. Mashine inapanga vipande juu yake, vingine vidogo kuliko punje ya mchele.
3. Bodi inapita kwenye oveni ndefu. Inapashwa taratibu hadi karibu nyuzi 240, kisha inapozwa.

Bodi ikitoka na kasoro, mhandisi anaisoma kama daktari anavyosoma dalili. Kila kasoro inaelekeza hatua ya kuanza kuchunguza.

Kasoro nne na chanzo chake

Daraja. Lehemu imeunganisha miguu miwili ya chipu isiyotakiwa kugusana, na hapo umeme unapita njia ya mkato. Anza na hatua ya kwanza: lehemu imepakwa nyingi mno, au lile bati la matundu ni chafu au limekaa upande.

Kaburi. Kipande kidogo kimesimama wima kama jiwe la kaburi. Lehemu ya upande mmoja iliyeyuka mapema ikakivuta. Angalia kama joto linafika sawa pande zote, kama lehemu ni sawa na kama kipande kiliwekwa katikati.

Kiungo kibichi. Lehemu haikuiva, ina chembechembe na haikusambaa vizuri. Huenda oveni haikufika joto au bodi ilipita haraka mno. Ila tahadhari: lehemu isiyo na risasi huwa haing'ai sana hata ikiwa nzima, kwa hiyo kufifia tu sio ushahidi.

Kichwa kwenye mto. Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Chini ya chipu kubwa kuna vidonge vingi vya lehemu. Chipu au bodi ikijipinda ndani ya oveni, kidonge kinalalia lehemu bila kuungana nayo. Vinagusana tu.

Kwa kuwa vinagusana, umeme unapita na bodi inaweza kufaulu majaribio yote. Miezi kadhaa baadaye, baada ya kupata joto na kupoa mara nyingi, mguso unaachia. Kwa macho huoni kitu. Viwanda hutumia eksirei, na hata hiyo wakati mwingine haiioni.

Kosa dogo, bei kubwa

Waliocheza gemu miaka ile wanakumbuka taa nyekundu za Xbox 360. Julai 2007, Microsoft iliongeza dhamana ya tatizo hilo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kugharamia. Baadaye wahusika walieleza kwamba miunganisho midogo ndani ya mashine ilikuwa inakatika kwa sababu ya joto kupanda na kushuka kila inapowashwa na kuzimwa.

Ndio maana viwanda makini vinabana mambo madogo. Lehemu inatunzwa kwenye friji, kisha inaachwa saa kadhaa ipate joto la chumba kabla ya kopo kufunguliwa, isije ikavuta unyevu. Vipima joto vinabandikwa kwenye bodi yenyewe, maana namba za oveni zinaonyesha joto la oveni tu, sio la bodi.

Wewe ufanye nini?

Fundi akipuliza joto juu ya chipu, simu inaweza kuwaka palepale. Lakini mara nyingi hiyo ni nafuu ya muda. Kama lehemu imepasuka au imepata kutu, joto peke yake haliisafishi. Tiba kamili ni kuing'oa chipu, kusafisha pande zote mbili, kuweka vidonge vipya vya lehemu na kuirudisha.

Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize fundi: unaipasha tu, au unaing'oa na kuiweka upya? Bei haiwezi kuwa moja.

Na simu ikiwaka, kabla ya kurudi kwenye magrupu, hamisha kwanza picha na namba zako. Inaweza isiwake tena.