MBA au masta ya fedha? Piga hesabu hii kabla hujagusa mtaji

Dada mmoja wa Iringa anayeuza vitenge WhatsApp kaniuliza: "Nina digrii ya kwanza, sasa nisome MBA au masta ya fedha?" Mimi nauza mchele wa Kyela mtandaoni nikiwa hapa Mbeya, na swali hili nimelipigia hesabu mwenyewe. Naliona hivi.

MBA inakupitisha kila idara: masoko, wafanyakazi, uendeshaji, na hesabu kiasi. Masta ya fedha inazama kwenye pesa tu: mikopo, hisa, hatifungani, kupima kama uwekezaji utalipa.

Kwa hiyo anza na shida yako:

✅ Biashara imeanza kukuzidi, una wasaidizi, mizigo ya mabasi na wateja wa mikoa mitano? MBA itakufaa zaidi.

✅ Unataka ajira benki, bima au saccos, duka liwe la pembeni? Nenda fedha.

✅ Unataka kukagua hesabu za makampuni na kusaini? Masta peke yake haitoshi, unahitaji CPA na usajili wa NBAA.

✅ Bado hujui mwezi uliopita ulipata faida au hasara? Masta isubiri. Anza na daftari la mauzo na mafunzo mafupi. SIDO wapo Mbeya na Iringa, kaulize.

Halafu angalia pa kusomea. Mzumbe wana kampasi Mbeya, Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa. Ila usidhani kila kozi ya chuo inafundishwa kila kampasi. Uliza: inafundishwa hapa hapa? Jioni au mchana? Ada inalipwa kwa awamu? Na hakikisha kozi inatambuliwa na TCU. Kozi ikikulazimisha kuhamia Morogoro au Dar, jiulize nani atafunga mizigo.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme mzigo wako ni wa milioni 3, unaisha kila mwezi, faida safi 300,000. Ukichomoa milioni 2 ulipe ada, mzigo unabaki wa milioni 1 na faida inashuka hadi kama 100,000. Kila mwezi umekosa 200,000. Kwa miezi 18 ni milioni 3.6, mbali na ada yenyewe! Kozi ni ile ile, ila umeilipia karibu mara tatu.

Ndiyo maana mimi nimechagua MBA, maana kinachonisumbua ni wasambazaji na wasaidizi. Lakini nitaanza siku faida ya mchele ikitosha ada ya muhula wa kwanza bila kugusa gunia hata moja la mtaji. Kama ni mwakani, sawa. Kama ni mwaka wa kesho kutwa, sawa pia.

Dada wa vitenge nimemjibu hivyo hivyo: ada itoke kwenye faida, mzigo usiguswe.

Wewe unauza nini, na unafikiria kusoma kipi? Andika hapo chini tupige hesabu pamoja 👇