ROBOTI YA KUJAZA PIPA

Wahenga walinena: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Vijana wa leo tunasema: mpe roboti! Neno hili lilianza kuvuma mnamo mwaka wa 1920, pale mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alipolitumia katika tamthilia yake, R.U.R. Lilitokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kushurutishwa. Basi, ukitaka kuunda roboti ya nyumbani, jiulize kwanza: ni kazi gani kwetu inayomshurutisha mtu?

Kwetu jibu ni maji. Maji ya mfereji huja usiku wa Jumanne na Ijumaa pekee, na hakuna ajuaye saa. Mama huamka, hutia mpira katika pipa la kwanza, hungoja lijae, kisha huuhamishia la pili. Saa kumi na moja alfajiri yuko njiani kwenda sokoni kuuza mboga. Jumanne moja nilimwambia alale, ningengoja mimi. Kumbe usingizi ni mwizi! Niliamka nikakuta ua umegeuka kidimbwi, pipa la pili kavu kabisa, na maji yamekatika. Hadi Ijumaa tulinunua maji kwa mtungi. Mama hakunigombeza hata neno moja, na kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma.

Nikaamua kuunda roboti. Nilichora mtu wa chuma mwenye magurudumu, kamera na mikono miwili. Mwalimu wa fizikia alipouona mchoro akauliza, "Kijana, mikono ya nini?" Nikamjibu, "Ya kuhamisha mpira, mwalimu." Akacheka, akanikumbusha kwamba maji yaliyo katika vyombo vilivyounganishwa hutafuta usawa mmoja. Yaani nikiunganisha mapipa kwa bomba pana karibu na chini, yatajaa pamoja. Mikono ikafutwa hapo hapo!

Nilijifunza hivi: usianze na chuma, anza na kazi. Ikate vipande vidogo, kisha upime. Mtungi wetu wa lita 20 hujaa kwa dakika 2, yaani lita 10 kwa dakika. Mapipa mawili ya lita 200 kila moja yatahitaji dakika 40. Mfereji ukiachwa wazi na mpira ukiwa ndani ya pipa, maji yatajiingiza yenyewe. Kumbe kinachobaki ni kujua tu yamejaa lini.

Roboti yoyote hufanya mambo matatu: huhisi, huamua, hutenda. Hata Roomba, mashine ya kufagia iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka wa 2002, hugonga ukuta, ikatambua, ikageuka. Yangu huhisi kwa kipande cha ndara kuukuu kinachoelea. Juu yake nimesimamisha kijiti kinachopita katika tundu la kifuniko, na nchani nimekizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya biskuti. Maji yakipanda, kijiti hupanda. Karatasi ikigusa nyaya mbili zilizo juu ya kifuniko, umeme hupita na kengele hulia. Kengele niliitoa katika kichezeo kilichoharibika, na betri ni mbili za redio, jumla volti 3. Jihadhari, msomaji! Usithubutu kutumia umeme wa ukutani. Huo ni volti 240, na ukikutana na maji si mchezo, unaua.

Nilijaribu kwanza katika karai. Mara ya kwanza kijiti kiliinama, kengele ikawa bubu. Nilipokiongoza kwa kipande cha bomba la kalamu, ililia hadi jirani akauliza kuna nini.

Kutenda bado ni kazi yangu: kengele ikilia, naamka kufunga mfereji. Sasa naweka akiba ninunue boya lenye vali, kama lile la tangi la choo cha kuvuta maji. Boya hilo huhisi, huamua na kufunga lenyewe bila betri. Siku hiyo hakuna atakayeamka.

Kwa sasa, usiku wa Jumanne na Ijumaa mama analala. Haba na haba hujaza kibaba, na kwetu, hujaza pipa.

Mwanachama, Kidato cha Tatu