Darubini Ipi Yafaa Kutazamia Nyota Huko Logiri?

Tarehe 3 Novemba 2013, baada ya saa kumi na moja jioni, mwezi ulilifunika jua lote huko Pakwach, kwenye ukingo wa Mto Nile. Giza lile halikudumu hata nusu dakika, lakini wako waliosafiri kutoka nchi za mbali ili walione. Mzazi au mwalimu wa Logiri, kusini ya mji wa Arua, hana haja ya kungoja kupatwa kwa jua kwingine ndipo atazame mbinguni. Vijijini hakuna taa nyingi za kuufifisha usiku, na nyota huonekana hadi zile ndogo kabisa. Akitaka kununua darubini, hata hivyo, yafaa aelewe mambo machache kabla ya kutoa fedha za mavuno yake, kwani chombo kibaya huishia juu ya kabati, na mtoto aliyekingojea kwa hamu huamini kwamba elimu ya nyota ni uongo.

Kwanza, tusiyasadiki maandishi makubwa ya kwenye boksi. Darubini ndogo yenye lenzi ya milimita 60 huuzwa kwa sifa kwamba hukuza vitu mara 525. Kanuni ya watazamaji nyota ni kwamba kila milimita moja ya upana hustahimili ukuzaji wa mara mbili tu. Kwa hiyo darubini hiyo haifai kuzidi mara 120. Ukipita hapo utapata taswira kubwa, yenye giza na ukungu, mfano wa picha ya gazeti iliyosogezwa karibu mno na jicho: vidoti vyaongezeka, sura yapotea.

Cha kuuliza dukani ni upana wa lenzi au kioo kinachopokea mwanga. Mama anayekinga maji ya mvua chini ya paa hachagui chombo kirefu, bali chenye mdomo mpana, na mwanga wa nyota hukingwa vivyo hivyo. Kioo cha milimita 150 hukusanya mwanga zaidi ya mara nne ya lenzi ya milimita 70. Ukuzaji hubadilishwa baadaye kwa lenzi ndogo za kuchungulia, na mara 30 zatosha kabisa kuonyesha pete za Zohali na miezi minne ya Mshtarii, ile ile aliyoigundua Galileo mwaka 1610.

Galileo alitumia darubini ya lenzi. Newton alitengeneza ya kioo mwaka 1668, na hadi leo mnunuzi husimama kati ya mabwana hao wawili. Ya lenzi ni ngumu. Bomba lake limefungwa, vumbi haliingii kwa urahisi, na yaweza kupakiwa kwenye bodaboda na kushushwa ikiwa bado sawa. Kasoro yake ni kwamba bei hupanda haraka kadiri lenzi inavyopanuka, na zile za bei nafuu huuzungushia mwezi utepe wa rangi ya zambarau. Ya kioo hukupa upana mkubwa zaidi kwa fedha zile zile. Lakini vioo vyake huhama kidogo kwa mitikisiko ya barabara, nawe huna budi kujifunza kuvirudisha kwa skrubu zake, kazi ya dakika chache kwa aliyekwisha kuizoea. Ipo namna ya tatu, inayochanganya lenzi na kioo katika bomba fupi. Ni nzuri, ila gharama yake si ya kuanzia.

Sasa tufike kwenye stendi, ambako wanunuzi wengi hukosea, na vitabu vilivyoandikwa Ulaya haviwasaidii. Vitabu hivyo husifu stendi yenye mhimili unaoelekezwa kwenye Nyota ya Kaskazini, ili darubini iifuate nyota kwa mzunguko mmoja. Mhimili huo hulazwa kwa kipimo cha latitudo ya mahali. London ni nyuzi 51, na stendi hutulia vyema. Logiri iko takriban nyuzi 3 tu kaskazini ya ikweta. Stendi nyingi za aina hiyo hazilali kiasi hicho, na zinazolala huweza kugongesha jiwe la uzani kwenye mguu wa stendi. Nayo Nyota ya Kaskazini iko chini sana, nyuma ya miti na vumbi. Kwa nini basi kulipia mtambo uliokusudiwa watu wa baridi?

Kwa maoni yangu, anayeweza na achukue darubini ya kioo ya milimita 130 au 150 iliyokaa juu ya sanduku la mbao linalozunguka, aina aliyoieneza John Dobson katika mitaa ya San Francisco. Husukumwa kwa mkono, juu na chini, kushoto na kulia. Sanduku lenyewe fundi seremala wa kwetu aweza kulitengeneza upya likivunjika.

Asiyeweza asinunue darubini dhaifu ya stendi ya kutetemeka. Afadhali darubini ya macho mawili yenye alama 7x50 au 10x50. Kwa hiyo ataona mashimo ya mwezini, na Kilimia, ambacho macho matupu hukihesabu nyota sita au saba, kitajaa nyota kadhaa. Mwezi Mei na Juni, mvua ikishaosha anga na mawingu yakapasuka, aielekeze kusini, kwenye Msalaba wa Kusini. Upande wa kaskazini-mashariki wake kuna doa la mwanga liitwalo Omega Centauri, nalo ni mkusanyiko wa mamilioni ya nyota. Mtazamaji wa London halioni kamwe, hata akiwa na darubini ya thamani ya nyumba.

Jua lisitazamwe kwa chombo chochote kati ya hivi. Kichujio cheusi kinachofungwa kwenye lenzi ya kuchungulia huweza kupasuka kwa joto, na jicho likaungua mara moja bila hata kuhisi maumivu. Kichujio salama ni kile kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kinachoufunika mdomo wote wa mbele, na darubini isiachwe uani mchana penye watoto.

Kuhusu utunzaji, adui wa kiangazi ni vumbi na moshi wa nyika zinazochomwa. Wa masika ni ukungu unaoota juu ya lenzi. Kioo chenye vumbi kisifutwe kwa kitambaa, kwani kitakwaruzika, na vumbi kidogo halizuii kuona. Baada ya kutumia, acha umande ukauke kwanza ndipo ufunike. Vile vipakiti vya chembe za kukaushia unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu visitupwe. Viweke pamoja na lenzi katika kopo lenye kifuniko kinachobana, mbali na watoto.