Kamera ya mfukoni au DSLR: hesabu ya mwanga kati ya Mbinga na Ziwa Nyasa

Msimu wa kipaimara ukifika Mbinga, anayeitwa kupiga picha ni mwenye kamera kubwa. Wazazi humchagua kwa kuangalia kinachoning'inia shingoni, na kijana anayetaka kuingia kwenye kazi hiyo analijua hilo. Akishika fedha za kahawa anakwenda kununua DSLR ya kuanzia, mara nyingi iliyokwishatumika: Canon EOS 2000D, au Nikon D3500, pamoja na lenzi ile iliyokuja nayo kwenye boksi. Jumapili anaingia nayo Kanisa Kuu la Mtakatifu Kiliani, padri ameomba flashi zisipigwe wakati wa ibada, na picha zinatoka na chenga, mikono ya askofu imeacha mkia, nyuso za watoto hazisomeki. Kamera haina kosa. Amenunua nusu ya chombo, na hakuna aliyemwambia nusu ya pili ni ipi.

Tuanze na kile anachokitangaza muuzaji, yaani megapikseli. Picha ya ukubwa wa A4 iliyosafishwa vizuri inahitaji megapikseli zisizofika 9. EOS 2000D inazo 24, na kikamera cha mfukoni cha Canon IXUS 185 kinazo 20. Kwa albamu ya kipaimara tofauti hiyo haina kazi yoyote. Chenye kazi ni ukubwa wa kihisi, kile kibati kinachopokea mwanga mahali ilipokuwa inakaa filamu. Kwenye IXUS kihisi kina upana wa milimita 6 na kimo cha milimita 4 na nusu hivi. Kwenye EOS 2000D ni milimita 22.3 kwa 14.9. Ukizidisha utaona kwamba eneo la kihisi cha DSLR ni karibu mara 12 ya kile cha IXUS. Mwanga ukiwa hafifu, eneo ndilo linaloamua, kwa kuwa kila nukta ya picha inapata fungu lake la mwanga, na fungu likiwa dogo mno kamera inalazimika kulikuza, nalo likikuzwa linakuja na chenga zake.

Hapo kijana wetu angeweza kusema alichagua sawasawa. Lakini kuna daraja jingine la kamera za mfukoni ambalo watu wengi hawalihesabu. Sony ilipotoa RX100 mwaka 2012, iliweka kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8 ndani ya kamera inayoingia kwenye mfuko wa shati, yenye gramu 240 tu. Canon ikafuata na familia ya G7 X. Kihisi hicho kina eneo mara 4 ya kile cha IXUS, na kile cha DSLR kinakizidi kama mara 3. Sasa angalia lenzi. G7 X Mark II inapiga ikiwa imefungua tundu la lenzi hadi f/1.8. Lenzi ya boksini ya EOS, ile ya 18-55, inaishia f/3.5. Namba ya f inavyopungua ndivyo tundu linavyopanuka, na kutoka f/3.5 hadi f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara 4. Kwa hiyo DSLR ina kihisi kikubwa mara 3, lakini lenzi yake inakipa robo tu ya mwanga. Ukizijumlisha hizo mbili, kanisani, kwenye giza la aina moja, kamera ya mfukoni ya gramu 319 inakwenda bega kwa bega na DSLR yenye lenzi ya boksini, ambazo kwa pamoja zina gramu 670 hivi. Pengine inaizidi kidogo.

Hesabu hii ndiyo ningependa kila anayekusanya fedha za kamera aikalie kitako kabla hajatoa hata shilingi. DSLR ya kuanzia inaanza kulipa siku unapoifunga lenzi ya pili. Siku hiyo isipofika, umebeba uzito na heshima ya shingoni, basi.

Lenzi ya pili yenyewe si ya kutisha. Ni ile fupi, nyepesi, isiyo na zumu, ya milimita 50 na f/1.8. Ya Canon iliyotoka 2015 ina gramu 160. Lenzi ya boksini ikivutwa hadi karibu na milimita hizo hizo 50 inabaki na f/5.6, kwa hiyo ile ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10. Maana yake kanisani ni hii: pale ambapo shata ilikuwa inabaki wazi kwa 1/15 ya sekunde, muda unaoutosha mkono wa askofu kusogea na kuacha mkia, sasa inafunga kwa 1/125 au zaidi, na mkono unasimama. Na nyuma ya mtoto, mabenchi na shangazi zake wanayeyuka taratibu, kitu ambacho kihisi kidogo hakiwezi kukifanya kwa uhalisia huo. Ndugu wa Nikon waangalie jambo moja: D3500 haina mota ya fokasi ndani ya mwili wake, kwa hiyo ukiuziwa ile 50 ya zamani yenye herufi D itabidi ukazungushe fokasi kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Wauzaji wengine hawalijui hilo, na ukishafika Mbinga nayo, kuirudisha ni safari.

Nje ya kanisa hesabu inageuka, tena haraka. Simama upande mmoja wa bonde kwenye milima ya Umatengo asubuhi, jua likiwa bado chini, utazame mashamba ya ngoro upande wa pili. Yale mashimo yaliyopangwa mteremko mzima yanaonekana vizuri saa hiyo tu, kivuli kikiwa kimelala ndani ya kila shimo na ukingo umepata mwanga. Ikifika saa sita yote yamekuwa rangi moja. Unahitaji kuvuta. Kwa kipimo kimoja cha kulinganishia, lenzi ya boksini ya EOS inaishia milimita 88, na IXUS ile ya bei ndogo inafika 224. Kikamera cha mfukoni kinavuta zaidi ya mara 2 na nusu kuliko "kamera kubwa", na kwa kuwa mwanga wa asubuhi nje ni mwingi, udogo wa kihisi chake haumuumizi mtu. Nimewaona watu wakishangaa kabisa kwa hili, kwa sababu macho yanaamini kwamba kitu kirefu mbele ya kamera ndicho kinachoona mbali.

Vivyo hivyo kwa afisa ugani anayetaka kumwonyesha mtaalamu wa TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, pale Ugano kama madoa kwenye tunda la kahawa ni chulebuni, au unga wa machungwa chini ya jani ni kutu ya majani. Lenzi ya boksini haikubali kukaribia zaidi ya sentimita 25. IXUS inakaribia hadi sentimita 1, ingawa ukifika hapo kamera yenyewe inatia kivuli juu ya tunda, kwa hiyo sogea nyuma kidogo, geuza tawi likabili mwanga, shikilia pumzi. Kwa kazi hiyo simu nzuri nayo inatosha, na sitamshauri mtu anunue kikamera cha bei ya chini kabisa leo kama tayari ana simu ya namna hiyo, isipokuwa kwa ajili ya zumu.

Sasa shuka ziwani. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 hivi, lami, na unashuka mamia ya mita. Ukitoka Mbinga alfajiri ya Julai, kamera imelala usiku kucha kwenye baridi ya Umatengo. Ukifungua begi ufukweni, hewa yenye joto na unyevu inagusa kioo baridi na kioo kinafunikwa na ukungu hapo hapo. Usikifute kwa kanga wala shati. Acha begi limefungwa, kamera ipashike joto humo humo. Kikamera kidogo kinapata joto upesi. DSLR yenye vioo vingi na uwazi mkubwa ndani yake inachukua muda mrefu zaidi, na ole wako ukibadilisha lenzi ukungu haujaisha, kwa maana unyevu utaingia hadi kwenye kioo cha ndani. Huko ndiko fangasi wa lenzi wanakoanzia.

Pwani yetu ya Nyasa inatazama magharibi, kuelekea Malawi. Asubuhi jua linachelewa kutokea nyuma ya milima, jioni linakukabili usoni. Mtu akisimama mbele ya maji kuanzia saa tisa na kuendelea, nyuma yake kunawaka na uso wake uko kivulini, na kamera yoyote ikiachiwa iamue yenyewe itapima maji na kuufanya uso kuwa kiza. Kwa watu wenye ngozi yetu kosa hilo linakula picha nzima. Dawa ni flashi ndogo ya kujazia mwanga usoni, na hapa kamera ya mfukoni inashinda kwa sababu ya namna ilivyoundwa. Shata yake iko ndani ya lenzi, inafunguka na kufunga mara moja, kwa hiyo flashi inakubaliana nayo hata kwenye kasi kubwa: G7 X Mark II inafika 1/2000. Shata ya DSLR ni pazia mbili zinazopita mbele ya kihisi. Ukizidisha 1/200 pazia ya pili inaanza safari kabla ya kwanza kumaliza, na flashi ya ndani ya kamera inaweza kuangaza sehemu tu ya picha, ndiyo maana kamera inakukatalia. Kwenye mchanga mweupe wa Mbamba Bay 1/200 ni polepole, utalazimika kubana tundu la lenzi, na ukilibana flashi nayo inaishiwa nguvu. Pale Liuli, mbele ya jiwe la Pomonda, tatizo ni lile lile. Ndilo jiwe lililowafanya Wajerumani waiite bandari ile Sphinxhafen, na tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Guendolen iliikuta humo meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Ukipiga picha pale, piga kwa faili la RAW, linalobakiza mwanga na kivuli vingi vya kurekebisha baadaye. DSLR zote zinalo, G7 X na RX100 zinalo. IXUS haina.

Ila ngoma ya mganda ikianza, rudi kwenye DSLR bila kusita. Wachezaji wako kwenye mstari, mavazi meupe, hatua zinabadilika pamoja kwa mshindo wa ngoma, na unachotaka ni ule mguu ukiwa hewani. DSLR ukiitazama kwa tundu la jicho ina kifaa maalumu cha kupima umbali, kinajua mara moja fokasi isogee upande gani na kwa kiasi gani. Kamera nyingi za mfukoni hutafuta kwa kwenda mbele na kurudi hadi picha ikolee, na wakati zinatafuta mguu umeshatua. Hilo tundu la jicho lenyewe ni neema kwenye jua la ziwani, maana skrini ya nyuma huwa haionekani. Betri nayo inaongea: kwa kipimo cha viwandani D3500 inapiga picha 1,550 kwa chaji moja, EOS 2000D 500, G7 X Mark II 265, IXUS kama 210. Kijijini ambako umeme ni wa kubahatisha, 1,550 ni sherehe yote na siku ya pili yake.

Ndani ya maji DSLR haina hoja. Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na wale wanaoishi kwenye mawe, wanaojulikana kwa jina la mbuna, wako mita chache tu kutoka ufukweni, kwenye maji angavu. Olympus Tough TG-6 ya mwaka 2019 ni ya mfukoni na inahimili kina cha mita 15 bila kuvikwa chochote. Nyumba ya kuzamishia DSLR inaweza kukugharimu kuliko kamera yenyewe. Ukiniuliza nini kimepigwa picha kidogo kuliko inavyostahili katika mkoa mzima wa Ruvuma, nitakutajia hao samaki, na vijana wa pwani wanaogelea kati yao kila siku.

Kwa anayenunua, basi: kama kazi ni kanisa, arusi na ngoma, nunua DSLR iliyotumika ya bei ndogo uwezavyo na fedha iliyobaki iwe ya 50 f/1.8, hata kama itabidi uiache lenzi ya boksini dukani. Kama ni mwalimu, mtu wa utalii, mwandishi anayepanda mitumbwi na bodaboda, nunua ya mfukoni yenye kihisi cha 13.2 kwa 8.8. Canon na Nikon zote mbili zimehamishia nguvu kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, kwa hiyo DSLR utakayoletewa huenda imepita mikono ya watu. Nenda na tochi ya simu. Vua lenzi, fungua tundu lake lote, mulika kutoka upande mmoja huku ukitazama kutoka upande mwingine kwa pembe: nyuzi nyembamba kama za buibui ni fangasi, iache. Kisha irudishe lenzi, weka f/16, piga ukuta mweupe au anga, kuza picha kwenye skrini. Vidoa vya kijivu vinavyobaki pale pale ukipiga ya pili ni vumbi juu ya kihisi. Likiwa kavu linasafishika, nawe una haki ya kudai bei ishuke.