Ruzuku ya Mbolea Rungwe: Namba ya Mkulima Ndiyo Inayobeba Punguzo

Mkulima wa Kata ya Matwebe, wilayani Rungwe, anaponunua mbolea ya ruzuku hakabidhiwi fedha taslimu. Yeye hulipa sehemu ya bei, na Serikali huilipa kampuni ya mbolea tofauti iliyobaki. Kinachoziunganisha pande hizo ni namba anayopewa mkulima baada ya kusajiliwa. Asiye na namba hiyo hulipa bei kamili ya soko.

Utaratibu huu ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 8 Agosti, 2022, katika kilele cha Maonesho ya Nanenane, viwanja vya John Mwakangale, jijini Mbeya. Wakati huo bei za mbolea duniani zilikuwa zimepanda kutokana na athari za UVIKO-19, kupanda kwa bei ya gesi asilia na vita nchini Ukraine. Kwa kuwa mbolea nyingi inayotumika nchini huagizwa kutoka nje, mzigo huo ulimfikia mkulima moja kwa moja.

Mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea ulikuwa ukiuzwa zaidi ya shilingi 120,000. Kwa ruzuku ya msimu wa 2022/2023, ambayo Serikali iliitengea shilingi bilioni 150, mfuko huo uliuzwa shilingi 70,000. Mkulima aliyehitaji mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia alilipa shilingi 140,000 badala ya zaidi ya 240,000.

Kwa Rungwe, unafuu huo una uzito wake. Wilaya hiyo hupata mvua nyingi, na mvua ikizidi huondoa naitrojeni kwenye udongo. Mahindi yakikosa mbolea ya kukuzia kwa wakati hubadilika rangi kuwa ya njano na mavuno hupungua, hata pale ambapo ardhi inasifika kwa rutuba.

Ruzuku si jambo geni nchini. Kuanzia msimu wa 2008/2009 ilitolewa kwa vocha za karatasi, zilizomwezesha mkulima kununua mbolea na mbegu kwa takribani nusu ya bei. Udhaifu wake ni kwamba karatasi iliweza kuuzwa, au kusainiwa na mwingine, kabla mbolea haijamfikia mlengwa.

Mfumo wa sasa, unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), umekusudiwa kuziba mwanya huo. Mkulima husajiliwa katika ofisi ya kijiji au mtaa kwa kutaja jina, namba ya simu, mahali shamba lilipo, ukubwa wake na mazao anayolima. Akifika kwa wakala, namba yake huingizwa kwenye mfumo, nao huonesha kiasi cha mbolea anachostahili.

Hata hivyo, namba hiyo inahitaji uangalifu. Mkulima anayemwazima mwingine namba yake anampa mgawo wake, na huenda akafika dukani akakuta mifuko yake imekwisha kuchukuliwa. Vilevile, aliyeandikisha ekari pungufu hupata mbolea pungufu, na aliyebadilisha simu bila kutoa taarifa hukosa ujumbe unaotumwa kwake.

Msimu wa kwanza ulishuhudia pia misururu kwa mawakala na umbali mrefu kati ya vijiji na vituo vya mauzo. Changamoto hizo humwathiri zaidi anayesubiri mvua zianze ndipo atafute mbolea.

Kwa hiyo, mkulima anashauriwa kuhuisha taarifa zake kwa Mtendaji wa Kijiji au Afisa Ugani kabla ya msimu, kutunza namba yake kama anavyotunza namba ya siri ya simu, kulinganisha bei ya wakala na bei elekezi ya TFRA, na kudai risiti kwa kila mfuko anaonunua.