Kiolesura cha Umma na Violesura vya Ndani vya Tovuti: Suala la Ushahidi katika Utafiti wa Lugha

Utangulizi

Mtafiti wa lugha wa siku hizi hakusanyi matini kwa kinasa sauti na daftari peke yake. Mara nyingi hutumia programu ya kompyuta ambayo huzitembelea tovuti na kuchukua maelfu ya sentensi kwa usiku mmoja. Hapana shaka kwamba jambo hili limeleta manufaa, hasa kwa lugha za Kiafrika ambazo hazina hazina kubwa za matini zilizopangwa. Hata hivyo limezusha swali ambalo halijatiliwa maanani ya kutosha katika idara za lugha, nalo ni hili: programu hiyo iingie tovutini kwa njia ipi? Makala haya yanakusudia kueleza njia mbili zilizopo, namna kila moja inavyofanya kazi, na sababu zinazoufanya uchaguzi baina yao uguse moja kwa moja thamani ya ushahidi wa kiisimu.

Maana ya istilahi

Kiolesura, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni mahali ambapo programu moja hukutana na nyingine zikapeana maombi na majibu. Kiolesura cha umma, ambacho wataalamu hukiita API ya umma, ni kile ambacho mwenye tovuti amekitangaza kwa ajili ya watu wa nje. Huwa na maelezo yaliyoandikwa: ombi liandikwe vipi, jibu litakuja kwa umbo gani, maombi mangapi yanaruhusiwa kwa muda fulani, na mara nyingi ni toleo la ngapi linalotumika. Kwa ufupi, ni ahadi.

Violesura vya ndani ni vitu vya namna nyingine. Msomaji anapoandika neno katika ukurasa wa tovuti na kungoja jibu, ukurasa wenyewe hupeleka ombi kwa seva, ukapokea data tupu, kisha ukaivisha data hiyo rangi na mpangilio. Mawasiliano hayo hayakufichwa kabisa. Vivinjari vya kawaida vina chombo cha waundaji wa programu ambacho huorodhesha kila ombi linalopita. Basi mtu mwenye ujuzi kidogo aweza kuyatazama maombi hayo, kuyanakili, na kuifanya programu yake ijifanye kuwa ni ukurasa. Data hupatikana, lakini pasipo maelezo wala ahadi yoyote.

Tofauti hii yaweza kufananishwa na nyumba ya Kiswahili ya pwani. Barazani ndipo wageni wanapopokelewa, na mwenyeji huona haya kuwakatalia ghafula waliozoea kukaa hapo. Uani ni kwa shughuli za nyumbani. Mwenye nyumba akihamisha jiko au akiziba kijia, halazimiki kumwarifu mpita njia.

Msingi wa fikra hii si mpya. Mwaka 1972 David Parnas alichapisha makala mashuhuri yaliyotetea kwamba kila sehemu ya programu ifiche yale yanayoelekea kubadilika, na ionyeshe yale tu ambayo sehemu nyingine zimeruhusiwa kuyategemea. Kwa hiyo undani wa tovuti haukunyimwa maelezo kwa uvivu au choyo tu. Umeachwa hivyo ili uweze kubadilishwa bila ya kumvunjia mtu kazi yake.

Mfano wa tafsiri ya mashine

Mfano unaowagusa wanazuoni wa Kiswahili ni ule wa Google Translate, huduma iliyoanza kutafsiri Kiswahili mwaka 2009. Wakati huo palikuwapo kiolesura cha umma kisicholipiwa. Mwezi Mei 2011 kampuni ilitangaza kwamba kingefungwa, na mwezi Disemba mwaka huohuo kikafungwa. Mahali pake pakawekwa huduma ya malipo, kwa bei ya dola 20 za Marekani kwa kila herufi milioni moja. Ukurasa wa kutafsiri wenyewe ulibaki bure kwa wasomaji.

Matokeo yake yalitazamiwa. Watu mbalimbali walitunga programu zilizoiga maombi ya ukurasa ule, na programu hizo zikaenea, hata miongoni mwa wanafunzi na watafiti. Baadaye ukurasa ukaanza kuambatanisha kila ombi na alama inayokokotolewa kutokana na maandishi yanayotafsiriwa. Programu zisizojua kuikokotoa zikakataliwa. Mwaka 2020 mpangilio wa maombi ukageuka tena, na programu zilizokuwa zikifanya kazi jana zikawa hazirudishi kitu. Hapakuwa na ahadi iliyovunjwa, kwa kuwa hapakuwa na ahadi.

Athari kwa utafiti

Mtu aweza kusema kwamba hasara hiyo ni ya muda tu, nayo hurekebishwa kwa kuandika upya mistari michache. Hoja hii yatosha kwa mtunga programu, bali haimtoshi mtafiti, kwa sababu tatu.

Kwanza, programu inayokatika huonekana. Data iliyogeuka kimyakimya haionekani. Tuseme mtafiti analinganisha jinsi mashine inavyotafsiri viambishi vya urejeshi vya Kiswahili, akakusanya nusu ya mifano mwezi Machi na nusu mwezi Julai kupitia kiolesura cha ndani. Ikiwa modeli ilibadilishwa katikati, atapata tofauti na huenda akaieleza kwa nadharia ya sintaksia. Katika huduma ya umma mtumiaji aweza kutaja modeli anayoitaka na kuiandika katika ripoti yake. Hata huko modeli hurekebishwa, lakini mtafiti anacho cha kushika.

Pili, utafiti hutakiwa uweze kurudiwa na mtu mwingine. Tasnifu inayosimama juu ya njia isiyo na maelezo, ambayo imekwisha kufungwa siku ya utetezi, haiwezi kuhakikiwa na mtahini.

Tatu, liko suala la sheria na adabu. Katika kesi ya hiQ dhidi ya LinkedIn huko Marekani, mahakama ya rufani iliona mwezi Aprili 2022 kwamba kukusanya data iliyo wazi kwa kila mtu kwaelekea kutokuwa kosa chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 1986. Lakini mwezi Novemba mwaka huohuo mahakama ya chini iliamua kwamba hiQ ilikuwa imevunja mapatano ya matumizi ya tovuti. Kukosekana kwa jinai, basi, si sawa na kuwa na ruhusa. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huulegezea utafiti masharti fulani, ila hutaka matokeo yasichapishwe kwa namna ya kumtambulisha mtu. Kiolesura cha ndani aghalabu hurudisha zaidi ya kile kinachoonekana ukurasani, na miongoni mwa ziada hiyo huweza kuwamo mambo ya watu binafsi.

Udhaifu wa kiolesura cha umma

Haitakuwa haki kukisifu kiolesura cha umma kana kwamba hakina ila. Mwezi Januari 2021 Twitter ilifungua njia maalumu kwa wanazuoni, iliyowawezesha kupata hadi ujumbe milioni 10 kwa mwezi. Baada ya kampuni kupata mwenye mpya, njia hiyo ilifungwa mwaka 2023, na miradi iliyoitegemea ikaachwa njiani. Ahadi ni bora kuliko kutokuwa na ahadi. Hata hivyo mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Aidha, zipo tovuti zisizo na kiolesura cha umma kabisa, na nyingine hutoza ada isiyomudika kwa idara. Hapo mtafiti hana budi kwanza kumwandikia mwenye tovuti na kumwomba ruhusa. Endapo baada ya hapo atatumia njia ya ndani, na aitaje waziwazi, apunguze kasi ya maombi ili asiielemee seva, na ahifadhi kila jibu kama lilivyokuja, pamoja na tarehe.

Wikipedia ni kielelezo chema katika jambo hili. Kiolesura chake cha umma kimeelezwa kinaganaga; programu inayokitumia hutakiwa ijitambulishe; na anayetaka matini zote, zikiwamo za Kiswahili, aweza kupakua nakala nzima zinazotolewa mara kwa mara, badala ya kugonga mlango mara elfu. Kadhalika hazina ya Kiswahili ya Helsinki, iliyoasisiwa na Arvi Hurskainen, huonyesha faida ya matini zilizokusanywa, zikachambuliwa na kutunzwa na taasisi ya kitaaluma.

Hitimisho

Imeonekana kwamba tofauti ya njia hizi mbili si ya kiufundi tu. Kiolesura cha ndani hutoa data bila ya kutoa dhamana. Kile cha umma hutoa dhamana yenye mipaka. Inafaa idara za lugha zimtake kila mtahiniwa aeleze katika sura ya mbinu njia aliyopitia, toleo lake na tarehe, kama anavyotakiwa kumtaja msimulizi wake na mahali aliporekodi. Na juu ya hayo, vyuo vya Afrika Mashariki vijenge na kutunza hazina zao vyenyewe, kwani ushahidi wa lugha za watu hawa haufai kutegemea mlango ambao mwingine aweza kuufunga usiku mmoja.