Katwe: Maji Yaliyokishinda Kiwanda

Katika soko la Mpondwe, hatua chache kutoka mto Lhubiriha unaotenganisha Uganda na Kongo, chumvi huuzwa kwa sura mbili. Ipo ile nyeupe ya pakiti, imepangwa vibandani. Na ipo ya mabonge ya kijivu, imemwagwa chini juu ya magunia, mengine mazito hata mtu hawezi kuyainua kwa mkono mmoja. Wateja waliozungumza Kiswahili cha Kasindi, ng'ambo ya mto, walizipita pakiti na kuinamia mabonge. Waliyageuza, wakayakwaruza kwa ukucha, wakalamba. Jambo hilo lilinikaa kichwani hata baada ya kuondoka mpakani.

Wilaya ya Kasese, lilimo soko hilo, ina sifa nyingi. Mtu wa Kampala atakutajia shaba ya Kilembe, milima ya Rwenzori, reli iliyofika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo, na ufalme wa Rwenzururu pamoja na damu iliyomwagika kwa sababu yake. Shaba ilikoma kuchimbwa zamani, na treni haiji tena. Lakini muulize mchuuzi wa samaki aliyevuka mpaka kutafuta mzigo: kwake Kasese ni chumvi, na chumvi ni Katwe.

Ziwa Katwe limelala ndani ya shimo la volkano, pembeni mwa hifadhi ya Queen Elizabeth. Chemchemi zenye madini humwaga maji ndani yake, wala hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa njia moja tu, jua. Samaki hawaishi humo. Harufu yake hukupokea kabla hujashuka ukingoni, na ukingo wote umekatwa majaruba ya chumvi, moja limeshikana na jingine, kuta zake zikiwa za tope, miti na nyasi.

Mama aliyenipokea alirithi majaruba yake kwa mama yake. Aliniita mwanangu, akaniambia nikae kivulini, kisha akarudi kazini huku akizungumza. Yaliyobaki katika makala haya nimeyapata kwake zaidi kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Maji ya ziwa huingizwa jarubani na kuachiwa jua. Baada ya siku kadhaa utando mwembamba hutokea juu yake. Mgeni akiuona hudhani chumvi imeiva. Mama alisema hapo ndipo macho yanapohitajika, kwa sababu utando ukiachwa hugeuka ukoko, na ukoko hulizuia jua lisiendelee kunywa maji. Kwa hiyo huurushia maji mpaka uvunjike na kuzama. Utando mwingine hutokea, naye huuzamisha. Chumvi hujijenga chini, tabaka juu ya tabaka, mahali asipoweza kuiona, na kinachompa habari ni nyayo zake. Akikanyaga taratibu, hujua kama chini kuna tope, kuna chembe laini, au kuna chembe zilizokomaa. Akivuna mapema, anapata kidogo. Akichelewa, madini mengine ya ziwa hushuka pamoja na chumvi na kuifanya chungu. Siku ya kuvuna haiko kwenye kalenda yoyote.

Kisha ikaja kazi ambayo ningeweza kuitazama mchana kutwa. Aliichota chumvi yenye tope kwenye karai, akaiosha kwa maji ya chumvi. Maji matamu yangeiyeyusha yote. Maji ya jarubani yameshiba, hayana nafasi ya kubeba chembe nyingine, kwa hiyo huondoa uchafu na kuiacha chumvi ilivyo. Aliiosha tena na tena, akaimwaga kwenye lundo, nyeupe hata macho yaliniuma, kisha akalifunika kwa nyasi. Hii ndiyo chumvi ya daraja la kwanza, ya kula. Yale mabonge ya Mpondwe hutoka ndani ya ziwa lenyewe, ambako wanaume huingia mpaka kifuani, wakavunja mwamba wa chini kwa mitaimbo na kuuvuta ukingoni kwa vyelezo vya magogo. Hayo ni ya mifugo, na ya kuhifadhia samaki na ngozi.

Mwili hulipa. Kidonda kidogo hakifungi. Wanaume wanaoingia ziwani huvaa kondomu kujikinga na maji hayo, na wanawake husimulia maumivu ya tumbo la uzazi. Mama alinionyesha nyayo zake, zilezile zinazosoma jaruba, zimepasuka hadi ndani. Sikuona buti za mpira miguuni mwa yeyote. Na bado, zamani mali ya ziwa hili ilishindaniwa na wakubwa: mfalme Kabarega wa Bunyoro aliishikilia, na mwaka 1891 Mwingereza Lugard akajenga ngome hapa, Fort George, ili kumnyang'anya. Imekuwaje chumvi iliyopiganiwa hivyo isiweze kumnunulia mvunaji wake buti?

Juu ya majaruba kimesimama kiwanda kilichojengwa na Wajerumani mwishoni mwa miaka ya 1970. Kilikusudiwa kuchukua nafasi ya mikono hii. Hakikudumu, maji ya ziwa yaliyala mabomba yake, na vyuma vimebaki na kutu. Mama alikumbuka watu wakiambiwa kwamba majaruba yamefikia mwisho. Waliendelea kuvuna.

Hata hivyo mama hana raha. Mvua ikinyesha ghafla, kazi ya wiki huyeyuka. Mpaka ukivurugika, kama wakati wa korona, wachuuzi wadogo hawafiki na lundo hukaa chini ya nyasi. Sheria inataka chumvi ya kula iwe na madini joto, na ya kwake haina, kwa hiyo maduka makubwa hayamjui. Na mazungumzo ya kiwanda kipya hayajaisha. Aliniuliza, wenye kiwanda wakija, jaruba lake litahesabiwa kuwa nini: shamba, nyumba, au maji tu? Halina hati. Mipaka yake inajulikana kwa sababu majirani wanaijua.

Binti yake, anayesoma mjini Kasese, alikuwa likizoni akimsaidia kuurushia maji utando. Nilipomuuliza kama atalirithi jaruba, alisema kwanza anataka kuona karatasi yenye jina la mama yake.